Jirani Yetu wa Kaskazini: Nchi ya Turkana, Watu Wake na Mali Yake

Hotuba ya Kamati ya Elimu, iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu



Siku kama ya leo ni desturi ya watu kutazama nyuma na kuyahesabu mema waliyoyapata. Wenzetu waliotangulia kusema wamekwisha kuifanya kazi hiyo vizuri, nasi hatuna haja ya kuirudia. Kamati ilitupa kazi nyingine. Ilitutaka tuwaeleze wanachama habari za nchi ambayo sisi wakulima wa Trans Nzoia twaijua kwa jina tu, ijapokuwa ni jirani yetu wa karibu, na ijapokuwa mahindi yetu huenda huko kila mwaka. Nchi hiyo ni Turkana.

Sababu ya kutaka habari hizo yajulikana na wote. Katika Mkutano Mkuu ujao wanachama wataulizwa kama Chama Kikuu kikodi ghala mjini Lodwar, kiuze mahindi huko na kununua mbuzi. Maneno mengi yamekwisha kusemwa juu ya shauri hilo. Wako wasemao kwamba tukubali upesi, kwa kuwa mtu mwenye njaa hanunui kwa kubagua bei. Wako wengine wasemao kwamba tukatae, kwa kuwa nchi ile ni jangwa, na watu wake wamezoea kupewa bure. Sisi twadhani pande zote mbili zimenena kabla ya kujua. Kwa hiyo twaomba saa yenu moja, tuitazame nchi yenyewe, mambo yaliyoipata, na mali iliyomo. Kisha mtu apige kura yake akiwa na macho.

NCHI YENYEWE

Mtu akitoka Kitale kwa gari asubuhi hupita Kapenguria, kisha huanza kushuka katika mabonde ya milima ya Cherangani. Njia huzunguka huku na huku mpaka mlango wa Marich, na hapo joto humpokea kama joto la tanuri lililofunguliwa. Toka hapo nchi ni tambarare: Kainuk, Lokichar, na mwisho Lodwar, mwendo wa kilomita 300 hivi. Mji wetu wa Kitale uko mita 1,900 hivi juu ya bahari; Lodwar uko mita 500 tu. Kwa safari ya siku moja msafiri ameshuka mita 1,400, na ameiacha nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, akaingia nchi ya miiba, mchanga na mawe meusi ya volkano.

Mvua ndiyo itenganishayo nchi hizi mbili. Kitale hupata milimita 1,200 hivi kwa mwaka. Lodwar hupata kiasi cha milimita 200, yaani sehemu moja katika sita, na hizo nazo hazifuati kalenda. Yaweza kunyesha mvua kubwa mchana mmoja katika bonde moja, na bonde la pili lisipate tone kwa miezi mingi. Mkulima wa kwetu huuliza mvua itaanza lini. Mfugaji wa Turkana huuliza imenyesha wapi. Maswali hayo mawili hayafanani, na atakayelielewa la pili ataelewa kwa nini watu wale huhama.

Ukubwa wa nchi ni jambo la kustaajabisha. Kaunti ya Turkana ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Yetu haina ila 2,500 hivi. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilipata watu 926,976 Turkana, na watu 990,341 Trans Nzoia. Maana yake ni kwamba idadi ya watu karibu ni sawasawa, lakini wao wamo katika nchi iliyo kubwa kuliko yetu mara 27. Mwenye kutaka kuwafikishia shule, daktari au soko hana budi kuikumbuka hesabu hiyo kabla ya kulaumu.

Upande wa mashariki liko ziwa, refu kiasi cha kilomita 250, ambalo ndilo ziwa la kudumu lililo kubwa kuliko yote duniani yaliyomo katika nchi ya jangwa. Maji yake yana magadi, wala halina mto utokao. Mto Omo wa Ethiopia huleta karibu sehemu tisa katika kumi za maji yaingiayo. Sehemu iliyobaki yatoka kwa Kerio, Turkwel na vijito vya msimu.

Hapa twataka wanachama wasikilize vizuri. Mto Turkwel huzaliwa mlima Elgon, na huku juu jina lake ni Suam. Ni maji yale yale tunayoyaona mpakani kwetu, yanayopita bwawa la Turkwel, ambalo tangu mwaka wa 1991 latoa umeme, yakafika Lodwar na kuwanywesha mbuzi wa Turkana. Tukikata misitu ya mlima wetu, au tukiacha udongo wa mashamba yetu uchukuliwe na maji, mtu wa kwanza kulipa ni jirani huyu. Ujirani wetu haukuanzishwa na malori.

WATU NA AKIBA YAO

Waturkana ni ndugu kwa lugha na Wakaramojong na Wajie wa Uganda, na Watoposa wa Sudan Kusini. Wazee wao husimulia kwamba vijana wa Wajie walifuata nyayo za fahali aliyepotea, wakateremka bonde la mto Tarach, wakamkuta fahali yuko pamoja na mwanamke mzee aitwaye Nayeche, aliyekuwa akichuma matunda ya mwitu. Nchi ilikuwa na malisho mema. Vijana wakarudi kuita wenzao, wakahamia. Hivyo hata simulizi ya asili yao ni habari ya malisho yaliyoonekana na habari zilizopelekwa kwa wenzi.

Wafuga aina tano za wanyama: ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Mgeni huona ni fujo, walakini ni hesabu. Ngamia hula majani ya juu na hutoa maziwa hata katika kiangazi kirefu. Ng'ombe huhitaji nyasi, kwa hiyo hupelekwa milimani. Mbuzi huzaa upesi, na baada ya ukame ndiye aanzaye kurudisha mali ya nyumba. Punda hubeba mzigo siku ya kuhama. Mkulima apandaye mahindi, maharagwe na viazi asije akapata hasara yote kwa pigo moja, atayaelewa hayo mara moja.

Kando ya mito, miti haikuachwa bila mwenyewe. Sehemu za ukingo wa Turkwel na mito mingine zina wenyewe kwa desturi, jamaa kwa jamaa, nazo huitwa ekwar. Maganda ya mgunga huanguka wakati wa kiangazi, na hiyo ndiyo ghala ya mbuzi. Mgeni akitaka kulisha hapo, huomba ruhusa kwa mwenyewe.

Tena iko desturi ambayo sisi wana ushirika yatupasa kuitafakari. Mfugaji wa Turkana hujiwekea marafiki wa mifugo, watu asio na undugu nao wakati mwingine, walio mbali na malisho yake. Leo humpa rafiki huyu mbuzi, kesho yule ngamia. Ugonjwa au ukame ukimpata, huenda kwa marafiki hao kuomba, nao humpa, kwa kuwa wajua siku yao nao itakuja. Mtaalamu P. H. Gulliver, aliyekaa miongoni mwao, aliieleza desturi hiyo katika kitabu alichotoa mwaka wa 1955. Hakuna daftari wala mhuri, lakini kuna hisa, kuna akiba, na kuna dhamana ya mtu kwa mtu. Hutokea ukame ukawapiga marafiki wote kwa pamoja, na hapo desturi hushindwa kubeba mzigo. Lakini asiseme mtu kwamba Waturkana hawaujui ushirika. Waliujua kabla ya vyama vyetu kuandikishwa. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

JINSI NCHI ILIVYOFANYWA KUWA YA MBALI

Twasikia watu wakisema, Turkana ni mbali. Yafaa tuulize, ni mbali na wapi, na ni nani aliyeiweka mbali?

Hesabu Teleki wa Hungaria na mwenzake von Höhnel walifika ziwani mwaka wa 1888, wakalipa jina la mwana wa mfalme wa Austria, Rudolf. Jina hilo lilikaa mpaka mwaka wa 1975, Serikali ya Kenya ilipolibadili kuwa Ziwa Turkana. Waingereza walipotaka kuitawala nchi, Waturkana walipinga kwa miaka mingi. Mwaka wa 1918 lilipelekwa jeshi kubwa kutoka pande mbili, Afrika ya Mashariki na Sudan, likawanyang'anya maelfu kwa maelfu ya wanyama. Kwa mfugaji, mnyama ni chakula, ni mahari, na ni akiba ya uzeeni. Basi nchi iliingia katika utawala mpya ikiwa imekwisha kufilisiwa.

Mwaka wa 1926 ni wa kukumbukwa. Katika mwaka huo reli ya tawi ilifika Kitale, ili mahindi ya walowezi yapate kwenda Mombasa. Mwaka huo huo Turkana ilitolewa katika Uganda ikatiwa katika Kenya, ikawa mojawapo ya wilaya zilizofungwa, ambazo mtu asiye mwenyeji hakuingia ila kwa kibali. Sheria ya mwaka wa 1934 iliongeza nguvu za maofisa juu ya mienendo ya watu wa wilaya za namna hiyo. Kwa hiyo mwaka ule mmoja, huku kwetu mlango ulifunguliwa, na kule kwao mlango ulifungwa. Biashara haikui nyuma ya mlango uliofungwa.

Nchi hiyo ilionekana kuwa mbali kiasi cha kufaa kuwa gereza. Hayati Mzee Jomo Kenyatta na wenzake, waliohukumiwa Kapenguria mwaka wa 1953, walipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa. Mwaka wa 1959 Mzee alihamishiwa Lodwar, akakaa huko mpaka mwaka wa 1961.

Uhuru ulikuja mwaka wa 1963. Wengi wetu ni watoto na wajukuu wa watu waliopata mashamba katika miaka iliyofuata, wengine kwa kuungana na kuchanga fedha. Mwaka wa 1965 Serikali ilitoa maandiko yake mashuhuri, Nambari 10, juu ya siasa ya uchumi. Humo ilisemwa kwamba fedha za maendeleo ziwekwe kwanza katika sehemu zitakazozidisha mazao ya taifa upesi, yaani sehemu zenye ardhi njema, mvua, barabara na watu walio tayari. Sehemu hizo zilikuwa sisi. Barabara zetu, maofisa wetu wa kilimo, na mikopo yetu ya mbegu na mbolea, vyatokana kwa sehemu na uamuzi huo. Hatusemi haya ili tujilaumu, kwani mahindi yaliyovunwa yamelisha nchi nzima. Lakini jirani alingoja zamu yake, na alingoja muda mrefu. Tukisema leo kwamba amebaki nyuma, na tuseme pia kwamba alikuwa katika foleni tuliyotangulizwa sisi.

ZIWA NA KIWANDA

Sasa tuje kwa habari ambayo kila mjumbe wa kamati ya chama angefaa kuijua kwa moyo, nayo ni habari ya kiwanda cha samaki cha Kalokol.

Katika njaa ya mwaka wa 1960 na 1961 watu wengi waliopoteza mifugo walikusanyika karibu na ziwa, na Serikali ikawafundisha uvuvi wa nyavu. Samaki walikuwa tele: sangara, ambaye huku twamwita mbuta, na ngege, na wengine wengi. Baadaye wavuvi wakaunda chama cha ushirika. Chama kilinunua samaki wakavu, kikawauza nchi za kusini. Kazi ilikuwa ndogo, lakini ilikwenda.

Kisha ukaja msaada mkubwa wa Norway, nchi ya wavuvi hodari. Nia ilikuwa njema, na hapana shaka juu yake. Walisaidia chama, mashua na barabara, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikasimama Kalokol kiwanda kizuri cha kugandisha samaki kwa baridi. Lakini kugandisha samaki katika nchi ya joto kama lile kwahitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na vyote viwili vilikuwa haba. Ilipohesabiwa, gharama ilizidi thamani ya samaki. Mashine zilifanya kazi ya kugandisha kwa muda mfupi tu, zikazimwa. Kisha katika miaka hiyo hiyo ziwa likapungua, na hori iitwayo Ferguson, iliyokuwa ikitoa ngege kwa wingi, ikakauka. Jumba lile kubwa likawa ghala la samaki wakavu, yaani likarudi kwenye biashara ile ile iliyokuwako kabla halijajengwa. Mwaka wa 1990 Kenya na Norway zilikatana kibalozi, na msaada ukaisha.

Ndugu wanachama, tusiicheke habari hii, maana mangapi kati ya vyama vyetu yamenunua mashine kabla ya kuuliza bei ya umeme? Kosa halikuwa samaki, wala wavuvi. Watu walioazimu kusaidia walianza na jumba, wakaliacha swali liwe la mwisho. Wazee wa pwani ya ziwa walijua kwamba hori ile hujaa na kukauka. Ni elimu ambayo haikutiwa katika hesabu. Na samaki mkavu aliyedharauliwa angali anaendelea kusafiri hata leo. Hupita Kitale katika magunia, wengine wakafika Busia na hata Kongo.

Juu ya ziwa lenyewe tuongeze neno moja. Ethiopia ilifungua bwawa kubwa la Gibe III katika mto Omo mwaka wa 2016, na mwaka wa 2018 hifadhi za Ziwa Turkana ziliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Watu waliogopa kwamba ziwa litashuka sana. Katika miaka ya karibuni limepanda badala yake, likafunika fuo na nyumba za wavuvi. Mwenye kufanya biashara huko asiweke mali yake mahali ambapo maji hayawezi kufika ila kwa matumaini.

MAFUTA NA MASOKO MAPYA

Mwezi wa Machi 2012 mafuta yalipatikana karibu na Lokichar, katika kisima kilichoitwa Ngamia. Nchi iliyosahauliwa ikatajwa katika kila gazeti. Mwezi wa Juni 2018 malori yakaanza kubeba mafuta kwa majaribio kwenda Mombasa. Kabla mwezi kwisha wenyeji waliifunga njia, wakidai usalama wa maisha yao na sehemu yao katika mali ya ardhi yao. Mazungumzo yalifanyika, safari zikaendelea, na mwezi wa Agosti 2019 shehena ya kwanza iliuzwa ng'ambo. Fundisho ni hili, kwamba mtu aliyeachwa nje ya shauri atakutana nawe njiani.

Soko lililo muhimu zaidi kwetu liko Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa huko mwaka wa 1992 kwa watu wa Sudan, na mwaka wa 2016 yakaongezwa makazi ya Kalobeyei. Wengi hufikiri kambi ni mahali pa kugawia chakula tu. Lakini uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2018 na Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC) ulikadiria kwamba matumizi ya watu wa Kakuma yafika dola milioni 56 kwa mwaka, na maduka ni mengi, ya wakimbizi na ya wenyeji. Watu hao hununua unga, maharagwe, mafuta ya kupikia na sukari. Unga huo watoka kwa nani? Mara nyingi watoka kwetu, lakini umekwisha kupita mikono minne au mitano, na kila mkono umechukua chake.

MBUZI NA GUNIA

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Uchumi wa mfugaji wasimama juu ya mizani moja: mbuzi upande huu, gunia la mahindi upande wa pili. Mvua ikiwa njema, mbuzi hunona, maziwa yapo, na haja ya mahindi hupungua. Hapo mbuzi mmoja hupata mahindi mengi. Mvua ikikosekana, mbuzi hukonda na bei yake huanguka, na saa ile ile kila mtu hutaka mahindi, bei yake ikapanda. Mfugaji hulazimika kuuza mbuzi wengi ili apate gunia lile lile. Akimaliza kuuza madume, huuza majike, na hapo ameuza mbegu. Mwenye kuuza mbegu hana msimu mwingine. Katika ukame ule wa mwaka wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na nyumba nyingi za kaskazini ziliishiwa kwa njia hiyo hiyo.

Sasa tazameni mizani yetu. Sisi twavuna kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kila mkulima anauza wakati mmoja, ada za shule zakaribia, na mnunuzi wa njiani ajua kwamba hatuna ghala wala subira. Bei huanguka mikononi mwetu. Miezi michache baadaye mahindi yale yale huuzwa Lodwar kwa bei tusiyoiona. Basi mfugaji hulia mbuzi wake anapokonda, na mkulima hulia ghala linapojaa, na mtu wa katikati ni yule yule mmoja. Hatumwiti mwizi, ana lori, ana fedha taslimu, na amethubutu njia ambayo sisi tumeiogopa. Lakini kazi ya ushirika ni kufanya kwa pamoja lile ambalo mmoja mmoja hatuliwezi.

SHAURI LETU

Kwa hiyo Kamati yasema wanachama wakubali, lakini kwa masharti manne.

Kwanza, tusijenge. Tukodi ghala dogo, tuanze na magunia tunayoweza kuyapoteza bila kuanguka. Jumba la Kalokol liwe mbele ya macho yetu siku zote.

Pili, tununue mbuzi mapema, wangali wanono, wala tusingoje wakonde. Tupime kwa mizani mbele ya mwenye mbuzi. Hapa pana shida ambayo hatutaificha: mbuzi hunona baada ya mvua kubwa, katikati ya mwaka, na fedha zetu hupatikana baada ya mavuno, mwisho wa mwaka. Maana yake ni kwamba sehemu ya fedha za mavuno haya itengwe, isigawanywe, ingoje mbuzi wa mwaka ujao. Asiyekuwa tayari kuona gawio lake likipungua mwaka wa kwanza, na apige kura ya kukataa, wala hatutamlaumu.

Tatu, tushirikiane na vyama vya wafugaji wenyewe, wala tusipeleke mawakala wetu kuzunguka maboma. Waketi nasi katika kupanga bei, wajue tulinunua mahindi kwa kiasi gani na usafiri uligharimu nini.

Nne, tujiwekee kipimo cha faida, nacho kisipandishwe wakati wa njaa. Sharti hili ndilo litakalopingwa kuliko yote. Watu watasema, biashara ni biashara. Nasi twajibu kwamba mfugaji aliyeuza majike yake yote si mnunuzi tena mwaka unaofuata. Faida ya njaa ni ya msimu mmoja. Faida ya jirani aliye hai ni ya kila mwaka.

Hatari zipo, nazo zitajwe. Barabara kati ya Kainuk na Lokichar imeshuhudia mashambulio ya wezi wa mifugo kwa miaka mingi, na damu ya Wapokot na Waturkana imemwagika bure. Magonjwa ya mbuzi yaweza kufunga masoko ghafula. Chakula cha msaada kikifika kwa wingi, bei ya mahindi yaweza kushuka tukiwa na ghala limejaa. Mwaka mmoja kati ya michache tutapata hasara, nasi tusiahidi lisilo kweli.

Bwana Mwenyekiti, miaka kumi iliyopita watu wa vijiji vyetu waliambiwa kwamba wakulima wadogo hawawezi kuendesha Chama Kikuu, kwamba watakula fedha, na kwamba kila mmoja atavuta kwake. Sherehe ya leo ndiyo jibu letu. Maneno yale yale twayasikia sasa yakisemwa juu ya watu wa kaskazini, na mara nyingine yasemwa na sisi wenyewe. Twawaomba wanachama wayapime kwa mizani ile ile tuliyopenda kupimwa nayo.

Maji ya mlima wetu huteremka kila siku kwenda kwao bila kuuliza kura ya mtu. Mahindi yetu nayo huenda, na mbuzi wao huja. Lililobaki ni kuamua kama vitu hivyo vitaendelea kupitana gizani, au vitapitana mbele ya watu wanaojuana.